Kiti Changu cha Kusalia

Kwa miaka kadhaa nilisali nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Kiti cha kijani, kile kile walichokuwa wanakalia wateja wangu wakisubiri nguo. Nilikiweka kwenye ukingo wa mkeka, nikaelekea kibla, na ilipofika kusujudu niliinama kidogo tu, mikono mapajani, macho yakiitazama sakafu kwa mbali. Inaruhusiwa. Nilimwuliza ustadhi wetu hapa Kilwa Kivinje, akaniambia dini ni nyepesi, mgonjwa asali anavyoweza. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikalia.

Nilichokikosa ni harufu ya mkeka. Mkeka wangu ni wa ukindu, aliusuka shangazi yangu wa Miteja, na ukiweka paji la uso pale unanusa majani makavu, vumbi kidogo, na mafuta ya nazi ya kichwa chako mwenyewe. Tangu nikiwa mtoto, kwangu hiyo ndiyo harufu ya kuzungumza na Mungu. Kule juu kwenye kiti nilikuwa nanusa hewa. Maneno niliyasema yote, sikuruka hata moja, lakini nilijiona kama mtu aliyesimama mlangoni akipiga hodi asiingie.

Watu hushangaa mwezi ukipatwa. Mimi nashangaa goti. Hebu lifikirie: mfupa umekutana na mfupa, katikati kuna kitu laini usichokiona, na hapo ndipo mwili mzima unaposhukia na kupandia tangu ulipoanza kutambaa. Shangazi yangu ana miaka sabini na ushee, analima mihogo na ufuta, na akisali anashuka na kuinuka bila kushika kitu. Nilikuwa nikimwangalia kwa nyuma nasema moyoni, Subhanallah, kifaa gani hiki alichopewa binadamu, na mimi cha kwangu nimekifanya nini.

Nilichokifanya nakijua. Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera, sare za shule, na magauni ya harusi ambayo bibi harusi anayataka jana. Nakaa asubuhi, nainuka adhuhuri, nakaa tena mpaka giza. Pembeni ya cherehani palikuwa na bakuli la korosho za kukaanga, na huku kwetu korosho mtu hazihesabu kama chakula. Unatia mdomoni huku unapima mkono wa gauni, unatia tena huku unamsikiliza mteja anavyolalamika. Hapo vitumbua vya asubuhi vimeshapita na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na mchana unakuja wali wa nazi.

Halafu kuna sahani. Mtaani kwetu ukipika kitu cha maana, jirani lazima aonje. Anakuletea sahani imefunikwa kwa kawa, unapokea kwa mikono miwili, na sahani ile ni aibu kuirudisha tupu. Lazima uweke chako. Kwa hiyo sahani za mtaa wetu hazilali: leo mkate wa kumimina umeingia kwangu, kesho nimerudisha mihogo ya nazi, keshokutwa imekuja biriani kwa sababu mihogo ile ilikuwa mitamu. Kukataa huwezi. Ukikataa sahani ya mtu umemwambia huna imani na mkono wake, na maneno hayo hapa hayafutiki.

Na kila nilivyozidi kunenepa watu walinisifu. Umenawiri, wanasema. Mwili umekukubali, biashara inalipa eti. Nilikuwa nafurahi, wallahi, siwezi kusema uongo. Nilijiongezea kitambaa kwenye madera yangu kimya kimya, upana baada ya upana, na fundi akijishonea mwenyewe hakuna anayemwona.

Aliyeniambia ukweli ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni mwanamke wa Kimwera, Mkatoliki, mimi Mmatumbi na Mwislamu, na sisi ni watani. Msomaji asiyejua utani nimweleze: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kulala chini kwenye msiba wako akadai maiti amlipe, na wewe huna haki ya kukasirika. Jirani huyu ni mwembamba, mkavu, kila alfajiri yuko barabarani na jembe begani kwenda shamba. Siku moja aliingia kwangu kurudisha sahani akanikuta nasali juu ya kiti. Akasubiri nitoe salamu. Alikuwa na adabu hiyo. Kisha akasema, "Mtani, hata mimi kanisani napiga magoti. Wewe umekaa mbele ya Mungu kama hakimu."

Nilicheka, maana ndiyo sheria. Alipotoka nilifunga mlango, na hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimtukana peke yangu kwa Kimatumbi, lugha asiyoielewa. Usiku wote neno lile lilinikaa. Hakimu. Asubuhi nikavaa baibui nikaenda zahanati.

Nesi alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Aliniamkia shikamoo, akanipima presha, akanipandisha kwenye mizani, akayabonyeza magoti yangu polepole huku akinitazama usoni. Aliniambia uzito wote ule yanaubeba magoti mawili, na hayajapewa misuli ya kuyasaidia kwa sababu nakaa mno. Nikipungua, hata kidogo, yataushukuru upungufu huo kila ninapopiga hatua. Nikamwuliza swali moja tu lililonileta: nitasujudu tena? Hakunidanganya. Akasema, "Mama, siwezi kukuahidi. Lakini nimeona magoti mabaya kuliko haya."

Basi mimi na ukali wangu nikadhani nimeelewa. Nilirudi nyumbani nikajitangazia vita. Asubuhi chai kavu, mchana maji, jioni maji. Na kutembea, nikakamata barabara ya lami ya kuelekea Nangurukuru jua likiwa limeshapanda, na kandambili, natembea kwa hasira kama namfukuza mtu. Watu wa bodaboda walinipungia wakidhani nimekosa usafiri. Nilikaza hivyo siku kadhaa, kichwa kinazunguka, sindano siioni, na nikamkatia mteja gauni kinyume. Jioni moja sahani ikaingia mlangoni, pilau la mtu aliyerudi Umra. Nilisema nitaonja kijiko. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nakwangua zabibu kwa kidole, na nimeshaanza na mkungu wa ndizi.

Kesho yake goti la kulia lilivimba kama papai. Nilikata tamaa kabisa. Jioni hiyo, kwa ujinga wa mtu aliyekata tamaa, nikaamua kama ni kufa nife nimesujudu. Nikakisukuma kiti pembeni, nikashika kitanda, nikajishusha. Nilifika chini kwa ubavu, si kwa paji la uso, na kuinuka sikuweza. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto. Nikabaki pale sakafuni nahema, naziangalia pindo za shuka la kitanda changu. Mwisho nikagonga ukuta kwa kandambili. Jirani akaja, akaniingiza mikono kwapani, akaninyanyua kwa nguvu ambayo sijui aliificha wapi mwilini mwake. Siku hiyo hakunitania hata neno, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia yote: nataka kusujudu kabla sijafa, na asimwambie mtu, maana nikishindwa sitaki mtaa uwe unanihurumia. Akasema sawa.

Nikarudi kwa nesi na goti langu. Hakunigombeza. Alicheka kidogo akasema kushinda njaa halafu kujaza tumbo usiku si kufunga wala si kupungua, ni kuudanganya mwili, na mwili haudanganyiki. Akachukua sahani ya bati ya chakula chao, akaigawa kwa kiganja: nusu hii mboga za majani, robo hii wali au ugali, robo hii samaki au maharage. Asubuhi kula, mchana kula, jioni kula mapema na kidogo. Akanipa na mazoezi ya kiti. Kiti kile kile cha plastiki. Nikae, niinuke bila kushika, nikae tena taratibu bila kujitupa. Na chini ya cherehani ninyooshe mguu, niuache hewani kidogo, niurudishe. Kutembea nitembee, lakini mahali laini, siyo kwenye lami na jua la utosi.

Mahali laini kwetu ni pwani maji yakipwa. Sasa hapa niseme ukweli, nimezaliwa huku na sikuwahi kuiona pwani. Niliitazama tu. Pale Kivinje maji yakitoka yanatoka kweli kweli, yanaondoka mpaka huyaoni, yanakuachia uwanja mpana wa mchanga mgumu wenye mistari mistari. Unakanyaga mahali ambapo saa chache zilizopita mtu angezama. Siku ya kwanza nilisimama katikati nikageuka kuutazama mji wetu kutoka kule, mikoko, mapaa ya mabati, magofu ya Wajerumani yanaota miti kichwani, vyote vidogo, na jua linatoka nyuma ya mgongo wangu. Nywele zilinisimama. Nikajiuliza nani aliyeyaita maji yale yaondoke na nani atakayeyaita yarudi, na kwa nini mimi nilikuwa ndani nakula korosho.

Kwa hiyo saa yangu ya mazoezi ikawa ni maji. Leo yanapwa alfajiri, natembea alfajiri. Baada ya siku kadhaa yanapwa saa mbili, nafungua duka nimechelewa, mteja anune. Maji yakiwa yamekwama hayatoki sana, nafanya ya kiti nyumbani. Jirani siku za kutokwenda shamba alikuwa ananifuata, ananiacha nyuma makusudi, kisha anasimama mbele kule ameshika kiuno na kuniuliza kama anitumie mkokoteni. Wanawake wanaookota kombe walituzoea. Mwanzo nilikuwa nafika kwenye mtumbwi uliopinduka nakaa juu yake kupumzika. Ukafika wakati nikaupita mtumbwi ule naongea, na nikakumbuka kupumzika nilipokuwa nimeshaupita mbali. Nilisimama nikaushangaa. Miguu yangu ilikuwa imenipeleka bila kuniuliza.

Jikoni napo nilijifunza upya. Wali wa nazi sikuuacha, nani ataacha wali wa nazi? Lakini nikawa napikia tui la pili, lile jepesi, tui zito nampa jirani. Mchuzi wa samaki nikageuza kuwa samaki wa kuchoma na ndimu. Matembele, mchicha, kisamvu, mlenda, vile ambavyo nilizoea kuviweka pembeni ya sahani kama pambo, vikahamia katikati. Na jambo moja lilinishangaza mno. Ulimi ulibadilika wenyewe. Chai ile ya sukari, siku nilipoinywa tena kwa mtu, niliona inaniwasha koo. Sikujua kama ulimi unasomeshwa. Korosho nilizihamishia kabatini juu, na kuzifikia lazima nipande kiti, na kupanda kiti ni zoezi.

Shida ikabaki sahani. Kukataa sikuweza, nimeshasema. Nilichofanya ni kuonja vijiko viwili vitatu vya haki, kwa shukrani, na kinachobaki kinavuka ukuta kwa jirani na watoto wake. Na sahani ya watu nikawa nairudisha na papai lililokatwa, kachumbari, au mafenesi wakati wake. Wakapokea, wakasema ahsante, lakini macho yao niliyaona. Mtu mzima ameletewa biriani anarudisha papai. Wakaanza kusema moyoni.

Halafu nikaanza kupungua kwa kuonekana. Fundi ndiye wa kwanza kujua, maana nilikuwa natembea na pini kiunoni. Jioni moja nilikaa kuzipunguza nguo zangu mwenyewe, nikafumua mishono ile ile niliyokuwa nimeiongeza kimya kimya, vipande vya kitambaa vikarundikana miguuni. Niliviokota nikavishika. Vile vyote nilikuwa nimevijaza mimi, na magoti yangu yalikuwa yanavibeba ngazini, sokoni, msalani, hayasemi. Niliyapapasa nikayaomba radhi, kweli, kwa sauti.

Mtaani kwetu kunenepa ni heri, na kukonda ni habari. Hawakuniuliza. Kwetu mtu haulizwi ugonjwa wake, anapelekewa chakula. Sahani zikaongezeka. Kwanza supu ya kuku wa kienyeji, hiyo ni ya mgonjwa. Uji wa ulezi wenye maziwa na siagi. Mtori. Mama mmoja aliyekuwa hajanisemesha tangu nimharibie gauni la Idi akaja mwenyewe na sinia ya sambusa, akanishika mkono, akaniambia tusameheane. Nikamwambia tumesameheana. Alipotoka nikasikia anapiga kwikwi barazani.

Kumbe jirani yangu alikuwa anawaambia ukweli. Wakimwuliza kisimani, wakimwuliza dukani, alikuwa anawajibu, huyo haumwi, anajikondesha ili awe mwembamba kama mimi aolewe tena. Watu wakacheka, wakafuta machozi, wakasema ama kweli utani hauna huruma, mwenzako anakwisha wewe unafanya mzaha. Mtani akisema kweli nani atamwamini? Lile jambo la kusujudu alilifunika, kama tulivyokubaliana. Na mimi nilikuwa najua wananidhania mgonjwa, nikanyamaza kwa kiburi, nikisema siku nitakayosujudu watajua wenyewe. Lakini sikuwa nimejaribu tena. Kila nikiutazama mkeka nilikumbuka nilivyolala pale ubavu nikigonga ukuta, na moyo unarudi nyuma. Nilitembea, nilikula sahani yangu ya nusu mboga, nilikaa na kuinuka kitini bila mikono, na ikifika sala nikakaa juu ya kiti kama kawaida. Niliogopa. Nikijaribu na ikashindikana baada ya yote yale, basi tena, nitakuwa sina lingine la kujaribu.

Ijumaa moja baada ya adhuhuri shangazi yangu wa Miteja akaingia na jogoo mkononi. Nilifurahi, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ananipima kwa macho kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikamwuliza kulikoni mbona hakupiga simu. Akasema amekuja kunisalimu tu. Nyuma yake wakaingia wanawake wawili na sufuria kubwa la shughuli. Wakaingia wengine na mikeka. Wengine na kuni. Wakaanza kuhamisha vitu vyangu, cherehani ikasukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa chumba kizima, kiti changu kikapelekwa uani kuwekewa sinia la nyama. Nikauliza kuna shughuli gani, nikaambiwa shughuli ni mimi.

Walikuwa wamefungua grupu jingine la simu, mbali na lile la mtaa, bila mimi, wakachanga, wakamtafuta shangazi, wakaandaa dua ya kuniombea shifaa. Pilau linapikwa uani kwangu, kwa ajili ya ugonjwa wangu ambao ni kula pilau kidogo. Nilitaka kupasuka. Nilitaka kusimama katikati niwaambie jamani ninyi ndio mlioninenepesha na sasa mnanililia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwona shangazi amekaa pembeni, mtandio ameushika puani, anavuta machozi asionekane. Mwanamke aliyenilea baada ya mama yangu kufa, ametoka Miteja na jogoo, anaamini anakuja kuniaga. Mdomo nikaufunga. Nikakaa katikati yao kwenye godoro walilonipangia, wakasoma Yasin juu yangu, nikaitikia amina, na kadiri walivyosoma hasira ilinitoka. Sijui niieleze vipi. Wanawake wale wote, waliowahi kunisema na niliowahi kuwasema, wameacha majumba yao wamekuja kumng'ang'ania Mungu asinichukue. Niliona haya, halafu nikaona maajabu, kwamba mtu anaweza kupendwa hivyo na asijue.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa dua inakwisha. Wote wakainuka kupanga safu. Bibi anayesomesha watoto Kurani mtaani kwetu akasimama katikati ya safu kutusalisha. Mimi nikatafuta kiti changu. Kiko uani, chini ya sinia la nyama. Nikamnong'oneza mmoja aniletee, akageuka kutoka, na bibi akafunga sala. Nikabaki nimesimama, bega langu na la shangazi yamegusana, mbele yangu kipande cha mkeka. Wa kwangu, wa ukindu.

Nikafunga sala na mimi. Nilisimama, nikarukuu, nikasimama tena. Wenzangu wakashuka, nikasikia magoti yao yote yanagonga chini kwa pamoja, na mimi nikiwa bado juu. Nikasema Mungu wangu, haya. Nikapinda goti. Likapinda. Likaendelea kupinda. Likagusa, na la pili likagusa, nikaweka viganja, nikashusha kichwa, na mkeka ukanipokea paji la uso.

Majani makavu. Vumbi. Mafuta ya nazi.

Machozi yalinitoka hapo hapo yakaingia kwenye ukindu. Maneno ya sujudu yote yaliniruka, maneno niliyoyasema maisha yangu yote. Nikanyamaza tu, nimelala pale kwa magoti na viganja na paji la uso, na damu inashuka kichwani, na sikumbuki kama nimewahi kuwa mdogo hivyo na kufurahi hivyo. Bibi akatoa takbiri ya kuinuka. Wenzangu wakakaa. Mimi bado. Ndipo nikahisi mkono wa shangazi mgongoni mwangu, umewekwa wazi, umetulia, kama unavyomwekea mtoto mchanga kuhakikisha anapumua. Alidhani nimekata roho. Najua katika sala haifai, na Mungu atakuwa amemsamehe. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya kumfikia, "Subhana Rabbiyal a'la." Mkono ukatoka.

Nikainua kichwa nikakaa. Nikashuka tena sijda ya pili. Likabaki la kuinuka kwenda rakaa ya pili, na hilo ndilo lililonishinda siku ile ya ukuta. Nikabana vidole vya miguu, nikasukuma viganja, mapaja yale ya kwenye kiti, kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, yakaitika. Nikasimama. Rakaa zote nne nilishuka na kupanda na wenzangu, goti la kulia linalia kidogo kila mara, nikaliacha lilie.

Tukatoa salamu. Walikuwa wananitazama wote, hata waliokuwa mbele wamegeuka. Wamenizoea juu ya kiti. Shangazi akanishika kidevu akaugeuzia uso wangu kwenye mwanga wa mlango. Akapitisha kidole gumba kwenye paji langu, palipokuwa pamechorwa alama za ukindu, akazifuata moja moja. Ni mikono yake iliyousuka mkeka ule, alizijua.

"Mwanangu," akasema, "kumbe huumwi."

Nikamwambia, "Nilikuwa naumwa, shangazi. Nimepona sasa hivi."

Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa pilau. Alikuwa uani anasimamia sufuria wakati sisi tunasali, na sijui alianza kutuangalia saa ngapi, lakini uso ulikuwa umelowa wote. Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nimewaambia haumwi," akasema. "Sasa mnaona. Hakimu kashuka."

Halafu akarudi uani, akaliondoa lile sinia la nyama kwenye kiti cha kijani, akakaa yeye, akajifuta machozi kwa kanga, akauliza watu wa Mungu wanapakuliwa saa ngapi maana pilau linaungua. Nikaingia jikoni kwa miguu yangu kutoa sahani.